Chuo Kinachotoa Waalimu Nacho Kitoe Hesabu

Katika afisi zetu hapana kitu kitokacho stoo bila kuandikwa. Rimu ya karatasi, debe la mafuta, gunia la unga, kila kimoja kina stakabadhi yake, na karani akipungukiwa hata na kimoja huitwa akaulizwa, na jibu lake lisipotosha hana budi kulipa. Mkaguzi wa hesabu akifika haulizi kama stoo imepakwa rangi vizuri, wala kama karani ana meza nzuri. Huuliza kilichoingia, kilichotoka, na kilikokwenda. Desturi hii ni nzito, na wako miongoni mwetu wainung'unikiao, lakini hapana hata mmoja asiyejua ya kuwa bila ya hiyo mali ya watu ingepotea.

Sasa twauliza: yuko wapi mkaguzi wa namna hiyo kwa vyuo vinavyofundisha waalimu? Mtoto akikaa shule miaka yake yote, kisha ikaonekana hawezi kusoma barua aliyoletewa mzazi wake, wa kwanza kulaumiwa ni mtoto mwenyewe, kwamba ni mvivu. Wa pili ni mzazi, kwamba hakumwangalia. Wa tatu ni mwalimu, kwamba hakufundisha. Hapo maulizo hukoma. Ni wachache waulizao swali la nne: ni nani aliyempa mwalimu huyu cheti, akashuhudia kwa mhuri wake kwamba mtu huyu aweza kufundisha watoto?

Twataka kulizungumza jambo hili kama lilivyojaribiwa katika Marekani, kwa kuwa huko mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo yamelishughulikia kwa sheria zilizoandikwa kwa muda wa miaka 30 hivi. Yametenda mema na yametenda makosa, na yote mawili yana mafunzo kwa mtu apendaye kujifunza. Hatusemi ya kwamba kila kitokacho ng'ambo ni kizuri. Twasema tu kwamba aliyetangulia kupita njia ndiye ajuaye mashimo yalipo.

Yafaa kwanza msomaji ajue ya kuwa katika Marekani elimu ni kazi ya majimbo hasa, si ya Serikali Kuu. Majimbo hayo ni 50, na kila moja lina baraza lake la kutunga sheria, na kila moja hutoa lenyewe ruhusa ya kufundisha katika shule zake za serikali. Chuo cha kwanza cha jimbo kwa ajili ya kufundisha waalimu kilifunguliwa Lexington, katika Massachusetts, mwaka 1839, wakati Horace Mann alipokuwa mwandishi wa baraza la elimu la jimbo hilo. Tangu siku hizo hata karibu na mwisho wa karne ya 20, chuo kilikubaliwa zaidi kwa kutazamwa vitu vilivyomo ndani yake: wakufunzi wake wana shahada gani, vitabu vya maktaba ni vingapi, kila somo hupewa saa ngapi. Wakaguzi walikuja, wakasoma makaratasi, wakaandika yao, wakaenda zao. Hayo ndiyo mambo ya rangi ya stoo na uzuri wa meza. Ilikuwa nadra mtu kumfuata mwalimu mpya mpaka darasani kwake na kuona kama aliyofundishwa chuoni yanamfaa kitu.

Jimbo la Texas lilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kugeuza desturi hiyo. Mwaka 1995 baraza lake lilipoandika upya sheria ya elimu, liliunda bodi ya kutoa vyeti vya waalimu, na pamoja nayo likaweka utaratibu wa kuvitaka vyuo vitoe hesabu ya kazi yake. Kipimo cha kwanza kilikuwa mtihani: katika wale waliofundishwa na chuo hiki, ni wangapi walioshinda mtihani wa jimbo? Chuo kilichoonekana hakitoshi kilionywa, kisha kikawekwa katika muda wa kujaribiwa, na kikiendelea vivyo hivyo kiliweza kunyang'anywa ruhusa ya kufundisha waalimu.

Mwaka 2009 baraza hilo likaona ya kuwa mtihani peke yake hautoshi, likaongeza vipimo vingine. La kwanza lilibaki mtihani. La pili ni maoni ya wakuu wa shule juu ya waalimu wapya waliowapokea. La tatu ni maendeleo ya wanafunzi waliofundishwa na waalimu hao katika miaka yao ya kwanza. La nne ni jinsi chuo kinavyomwangalia na kumsaidia mwalimu mpya akiwa kazini. Katika jambo hili la nne kanuni za jimbo ziliandika hata dakika, kwamba msimamizi kutoka chuoni aendapo kumtazama mwalimu darasani asikae chini ya dakika 45. Mwaka 2015 likaongezwa la tano, yaani waalimu wapya wenyewe waulizwe, baada ya mwaka wa kwanza wa kazi, kama chuo chao kiliwatayarisha vema. Sisi twaona sheria hii ilifikiriwa na watu waliojua kazi. Haikumwuliza shahidi mmoja tu. Ilimwuliza mtahini, ikamwuliza mkuu wa shule, ikawatazama wanafunzi, ikamwuliza na mwalimu mwenyewe.

Lakini sheria nzuri huweza kuchezewa, na mfano wake ni huu. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha masharti kwamba kila jimbo litangaze ni watu wangapi wa kila chuo walioshinda mtihani wa ualimu, na litaje majina ya vyuo vilivyo dhaifu. Wenye vyuo wakasoma masharti yale kwa makini. Baadhi yao wakafanya shauri: tangu leo mtu asihesabiwe kuwa amehitimu chuoni kwetu mpaka awe ameshinda mtihani kwanza. Basi hesabu ilipopelekwa serikalini ikaonekana ya kuwa wahitimu wote wameshinda, 100 kwa 100. Walioshindwa hawakuwamo katika hesabu, maana hawakuitwa wahitimu. Hapana uongo uliosemwa, wala hapana kweli iliyosemwa. Wahenga walinena ya kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapo ngozi ilivutwa ikavutika. Majimbo nayo hayakuwa bora zaidi, maana mengi yao yalipeleka taarifa mwaka baada ya mwaka bila kutaja hata chuo kimoja kuwa ni dhaifu.

Jambo hili kila karani alielewa upesi. Ukimwachia mtu achague mwenyewe vitu vya kuandika katika daftari litakalokaguliwa, usistaajabu kuona daftari safi.

Wengine wakasema: basi na tuache mitihani ya waalimu, tuwatazame watoto waliofundishwa. Katika jimbo la Tennessee alikuwako mtu aitwaye William Sanders, mtaalamu wa takwimu za kilimo katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Alifikiri ya kuwa hesabu zitumikazo kujua mbegu na mifugo zaweza kutumika pia kujua kazi ya shule: usitazame alama ya mtoto peke yake, bali tazama amesogea kiasi gani tangu mwaka uliopita. Mtoto aliyetoka 20 akafika 40 amefundishwa kuliko yule aliyekuwa 70 akabaki 70, ijapokuwa huyu wa pili bado yu mbele. Tennessee ilitia njia hiyo katika sheria yake ya elimu ya mwaka 1992, na mwaka 2007 baraza lake likaamuru kwamba kila mwaka itangazwe taarifa ya vyuo vya waalimu, chuo kwa chuo, pamoja na habari za maendeleo ya watoto wanaofundishwa na wahitimu wao. Louisiana nayo, katika miaka ya kwanza ya karne hii, iliviamuru vyuo vyake vipange upya mafundisho yao yote, kisha ikafanya hesabu za namna hiyo na kuzitangaza kwa watu.

Twaikubali nia ya mambo haya. Mwalimu hutayarishwa kwa ajili ya mtoto, na kama mtoto hapati faida, uzuri wa mengine yote wafaa nini? Lakini yatupasa kuwa waadilifu, na kusema pia yale waliyoyaona wataalamu walipochungua kipimo hiki.

Mwaka 2014 chama cha wataalamu wa takwimu wa Marekani kilitoa tamko kikiwaonya watu juu ya hesabu hizi. Kilisema ya kwamba katika uchunguzi mwingi uliofanywa, tofauti za alama za wanafunzi zitokanazo na mwalimu ni kati ya 1 na 14 katika kila 100. Zilizobaki zatokana na mambo mengine mengi: nyumba atokayo mtoto, umaskini, shule yenyewe, na mengineyo. Sasa kama sehemu ya mwalimu ni hiyo, sehemu ya chuo kilichomfundisha mwalimu itakuwa ndogo zaidi, maana hiyo ni sehemu ya sehemu. Mtaalamu Paul von Hippel wa Chuo Kikuu cha Texas, pamoja na wenzake, walizitazama hesabu za Texas, na baadaye hesabu za majimbo 6, wakaona ya kuwa tofauti kati ya chuo na chuo kwa kipimo hiki mara nyingi ni ndogo mno, na ya kuwa sehemu kubwa ya tofauti zinazoonekana ni bahati tu ya hesabu. Chuo kilichotajwa kuwa cha juu mwaka huu chaweza kutajwa cha chini mwaka ujao, na hapana kilichobadilika ndani yake.

Tena yako matatizo ambayo hata mtu asiyejua takwimu aweza kuyaona. Chuo kidogo kinachotoa waalimu 10 kwa mwaka hakiwezi kupimwa sawa na kinachotoa 500, kwa kuwa mmoja akiugua katika wale 10 hesabu yote imepinduka. Mwalimu akihamia jimbo jingine habari zake hupotea. Mwalimu wa muziki, wa michezo au wa watoto wadogo sana hufundisha mambo yasiyo na mtihani wa jimbo, basi huyo atapimwaje? Na lililo kubwa kupita yote ni hili: kama chuo kitapata alama mbaya kwa sababu wahitimu wake wamekwenda kufundisha watoto wa maskini, basi chuo chenye akili kitawashauri wasiende huko.

Serikali Kuu ya Marekani ilijaribu kuyafanya mambo haya kuwa sheria moja kwa majimbo yote. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 ilitoa kanuni kwamba kila jimbo livipange vyuo vyake kwa madaraja, na maendeleo ya watoto yawe mojawapo ya vipimo. Vyuo vilipinga, na baadhi ya majimbo yalilalamika. Mwezi wa Machi mwaka 2017 Bunge likazifuta kanuni zile, na Rais akatia sahihi, hazijatimiza hata miezi sita. Kazi ikarudi mikononi mwa majimbo, mahali ilipoanzia.

Kwa habari hizi watu wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja wasema: mmeona, haiwezekani kukipima chuo, basi kiacheni kifanye kazi yake kwa heshima. Upande wa pili wasema: kipimo kibovu ni bora kuliko kukosa kipimo, na tukate tu. Sisi hatukubaliani na upande wo wote katika pande hizi mbili.

Kwa wale wa kwanza twasema hivi. Mizani ikiharibika dukani hatusemi watu wauziane kwa kukisia. Twasema mizani itengenezwe. Na mfano uko katika Marekani yenyewe. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa taarifa yake juu ya vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada, vyuo 155, akaeleza bila kuficha ya kuwa vingi vilikuwa vya biashara tu, havina maabara wala wagonjwa wa kujifunzia. Mabodi ya majimbo yakakaza masharti, vyuo vibovu vikafungwa, na udaktari ukawa kazi ya kuaminiwa. Kama mwili wa mtu wastahili kulindwa na sheria, je, akili ya mtoto haistahili?

Lakini taarifa hiyo hiyo ya Flexner ni jibu kwa wale wa pili. Wakati ule vilikuwako vyuo 7 vya udaktari kwa ajili ya Weusi wa Marekani. Miaka michache baadaye vilibaki 2 tu, Howard na Meharry. Hatusemi ya kwamba vile 5 vilikuwa vizuri. Twasema ya kuwa vilipofungwa hapana aliyefungua vingine badala yake, wala vyuo vikubwa havikuwafungulia mlango wale waliofungiwa. Basi watu wengi wakakosa daktari mbaya, wakakosa na mzuri pia. Sheria ifungayo bila kufungua haitengenezi. Huondoa tu mbele ya macho kilichokuwa kikionekana.

Na tena liko jambo la uhaba. Tangu miaka ya 1980 majimbo mengi ya Marekani, yakikosa waalimu wa kutosha, yaliruhusu njia za mkato. Mtu mwenye shahada ya kazi nyingine hufundishwa kwa muda mfupi, akatiwa darasani, na mafundisho mengine akayapata akiwa kazini. Baadhi ya njia hizo ni njema na zimeleta watu wazuri. Nyingine zimekuwa biashara ya makampuni, na huko Texas zimeenea sana. Hapo sheria hujikuta mashakani, maana ikimfungia mwenye chuo dhaifu, shule za mwaka ujao zitakosa mtu wa kusimama mbele ya darasa. Kwa hiyo sheria huandikwa kali, ikatumiwa kwa upole, na watoto wapatao waalimu waliotayarishwa kwa haraka ni watoto wa maskini zaidi, kwa kuwa shule zao ndizo zenye nafasi tupu. Hasara hii haionekani katika daftari lo lote. Mtoto mwenyewe hajui alichokosa, na mzazi wake hana wa kumshtaki.

Basi yatupasa kueleza twataka sheria ya namna gani.

Jambo la kwanza, sheria ikiulize chuo yale yaliyo katika uwezo wake. Kumchagua mwanafunzi wa ualimu, kumfundisha somo lenyewe, kumpa muda wa kutosha wa mazoezi ya kufundisha chini ya mwalimu hodari, na kutompa cheti asiyeweza: haya yote yamo mikononi mwa chuo, na hapana udhuru. Umaskini wa kijiji haumo mikononi mwake.

Jambo la pili, mashahidi wawe wengi. Mtihani, mkuu wa shule, mwalimu mpya mwenyewe, mkaguzi aliyekaa darasani, na maendeleo ya watoto yakiwa ni neno moja miongoni mwa maneno mengi, tena yakihesabiwa kwa miaka mitatu au zaidi, si kwa mwaka mmoja. Haifai ushahidi wa mtu mmoja umpeleke mtu kifungoni. Basi na usikifunge chuo.

Jambo la tatu, chuo kisijiandikie hesabu zake. Watu wote walioingia mwaka wa kwanza wahesabiwe, hata walioshindwa na walioacha njiani, na daftari liwe kwa mtu asiyepata mshahara kutoka chuoni.

Jambo la nne, hesabu zitangazwe kwa lugha ambayo mzazi aielewa. Taarifa iliyofungwa katika kabati ya afisi haimwadhibu mtu wala haimfundishi. Mtu mwenye mtoto anayetaka kuwa mwalimu ana haki ya kujua, kabla hajauza ng'ombe wake kwa ajili ya ada, wahitimu wa chuo kile wamepata nini na wameweza nini.

Jambo la tano, adhabu itanguliwe na msaada wenye tarehe. Chuo kikionekana dhaifu kiambiwe upungufu wake kwa maandishi, kipewe muda na watu wa kukisaidia, na muda ukiisha bila mabadiliko kifungwe. Siku ya kukifunga iwe imekwisha kujulikana wanafunzi wake watahamishiwa wapi, na wilaya iliyokuwa ikikitegemea itapata waalimu kutoka wapi.

Huenda msomaji akauliza: haya ya Texas na Tennessee yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, ilimpa Tume ya Waalimu kazi ya kuangalia viwango vya elimu na mafunzo ya wale wanaoingia katika ualimu, na hili ni neno kubwa kuwekwa katika katiba. Tanzania ilitunga Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018, imtakayo mwalimu asajiliwe na awe na leseni. Vyuo navyo husajiliwa na kukaguliwa, na wanafunzi wake hufanya mitihani. Hatusemi ya kwamba havina wa kuvitazama.

Lakini twauliza swali lile lile tulilowauliza Wamarekani. Mwalimu ataulizwa kwa leseni yake, na akikosa aweza kuipoteza. Je, mwananchi asome wapi, chuo kwa chuo, jinsi waalimu wapya wanavyofanya kazi mwaka mmoja baada ya kutoka? Mkuu wa shule apokeaye mwalimu asiyejua kupanga somo ampelekee nani neno lake, na neno hilo litaandikwa katika daftari la chuo gani? Kama mzigo wote umewekwa juu ya kichwa cha kijana wa miaka 22, na waliomfundisha wanaendelea kupokea wengine bila kuulizwa, basi sheria imeshika mkono wa mwisho ikauacha mkono wa kwanza.

Historia yetu yatukumbusha pia habari za haraka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania iliazimia kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, na makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza shule ya msingi wakafundishwa ualimu wakiwa vijijini, kwa masomo ya barua, ya redio, na ya mikono ya wakufunzi waliowazungukia, huku wakiendelea kufundisha. Lilikuwa jambo la kishujaa, maana lilifungua milango ya shule kwa watoto ambao wasingeiona. Wengi wa vijana wale walikuwa waalimu wema kwa maisha yao yote, na tuko tuliofundishwa nao. Lakini lilituachia pia deni, maana wingi ulitangulia na ubora ukaambiwa ungoje. Kila mara haja ya waalimu inapokuwa kubwa, jaribu hilo hurudi. Siku za uhaba ndizo siku sheria itakiwapo zaidi, ijapokuwa ndizo siku ambazo hutakiwa inyamaze.

Ndugu wanachama, sisi ni watu wa daftari. Hatutungi sheria, wala hatukai barazani. Lakini taarifa nyingi hupita mikononi mwetu, nasi twajua tofauti ya taarifa iliyoandikwa ili mtu ajue na taarifa iliyoandikwa ili mtu asiulize. Wengi wetu tuna watoto shuleni, na wengi tuna ndugu waliomo katika ualimu wanaobeba lawama ya makosa yaliyofanywa kabla hawajashika chaki. Twaomba katika mikutano ya matawi jambo hili lizungumzwe, na viongozi wetu walifikishe panapohusika kwa maneno ya adabu yasiyo na kuficha: kwamba hatutaki kuvivunja vyuo vyetu, wala hatuwachukii wakufunzi, ambao wengi wao hufanya kazi ngumu kwa vitu haba. Twataka waandikiwe stakabadhi kama sisi tunavyoandikiwa.

Karani aliyepoteza gunia moja la unga hujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Chuo kinachotoa mwalimu asiyeweza kufundisha kimeharibu darasa moja kila mwaka, na mwalimu hukaa kazini miaka 30 na zaidi. Haifai gunia la unga liwe na hesabu kuliko watoto hao.